Kamili wa Lellis na Mshauri Aliyemfaa



Mliowahi kutibiwa katika hospitali ya misheni ya Tabaka huenda mmeuona msalaba mwekundu ambao watawa wa Mtakatifu Kamili huuvaa kifuani. Wengi wanaujua msalaba huo kuliko wanavyomjua aliyeuanzisha. Ni hasara, maana ukurasa huu unamhitaji. Kamili hakuoa. Lakini alikuwa na ugonjwa unaovunja nyumba nyingi leo, yaani kamari, na alizunguka sana kabla ya kumpata mtu wa kumsaidia.

Alizaliwa mwaka 1550 huko Bucchianico, Italia, mama yake Camilla akiwa tayari na umri mkubwa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mjamzito aliota mtoto mwenye msalaba kifuani akiongoza watoto wengine wenye alama hiyo hiyo. Akaogopa, akidhani mwanawe atakuwa mkuu wa wanyang'anyi. Alifariki Kamili akiwa bado mdogo. Baba alikuwa askari, na mcheza kamari. Kijana akajifunza kwake yote mawili. Ndiyo maana mshauri mzuri wa familia hakimbilii kumuuliza mume kwa nini anacheza. Huuliza kwanza nyumbani kwao waliishije.

Katika maisha ya uaskari Kamili alipata kidonda mguuni kisichopona. Mwaka 1571 alikwenda Roma, hospitali ya San Giacomo iliyopokea wagonjwa walioshindikana kwingine, akawa pia mtumishi humo. Haukupita muda akafukuzwa kwa ugomvi na karata. Hospitali ilitibu mguu, kamari haikuguswa. Nasi tunafanya hivyo hivyo. Mama anakwenda kwa daktari kwa ajili ya vidonda vya tumbo na kukosa usingizi, na deni la mume halitajwi kabisa.

Mwaka 1574, mjini Naples, alipoteza kila kitu kwenye mchezo, hata shati alilovaa. Akawa ombaomba mlangoni pa kanisa huko Manfredonia, hadi alipopewa kazi ya kibarua kwenye ujenzi wa nyumba ya Wakapuchini. Jioni moja mtawa mmoja, Padre Angelo, alizungumza naye kwa upole. Kesho yake, tarehe 2 Februari 1575, akiwa njiani alipiga magoti akalia. Tangu hapo akaachana na karata. Aliingia utawani kwa Wakapuchini, lakini kanzu ilisugua kidonda, kikafunguka, akaambiwa aondoke.

Alirudi San Giacomo, safari hii mtu mwingine, na hapo Roma akampata Filipo Neri awe muungamishi wake. Ukiwatazama, hawakufanana hata kidogo. Kamili alikuwa pandikizi la mtu, askari mwenye hasira za karibu. Filipo alikuwa padre mcheshi, mpenda utani. Lakini Filipo aliweza kumkatalia. Kamili alipotaka kurudi kwa Wakapuchini ili atimize nadhiri yake, Filipo alimwambia asiende, kwani kidonda kitafunguka tena. Akaenda, mwaka 1579. Kikafunguka. Akarudi kwa aibu, na Filipo akampokea tena.

Kwa maoni yangu, hivyo viwili ndivyo vya kutafuta kwa mshauri wa nyumba yako: kama anaweza kukuambia usilopenda kusikia, na kama utaweza kurudi kwake umeshindwa. Wengi tunachagua yule atakayempa mwenzetu makosa. Hatutafuti mshauri hapo, tunatafuta shahidi.

Hata hivyo Filipo naye alikuwa na mpaka wake. Kamili alipotaka kuondoka San Giacomo na kuanzisha kundi la watumishi wa wagonjwa, Filipo alipinga, akiona hana elimu ya kuongoza watu, akaacha kuwa muungamishi wake. Kamili, mwenye miaka zaidi ya 30, akaenda kukaa darasani na vijana wadogo, akapewa upadre mwaka 1584. Mwaka 1586 Papa Sisto V alilikubali kundi lake na kuliruhusu kuvaa msalaba mwekundu, ule wa ndoto ya mama. Baadaye Filipo mwenyewe aliwasifu. Watakatifu wawili waliachana katika jambo hili, na hawakuwa maadui. Kwa hiyo ninyi mliokwenda kwa mshauri mara tatu nne na hamuoni nafuu, mwambieni wazi, mumshukuru, mtafute mwingine. Si dhambi.

Tukirudi Tabaka: kwa kawaida mzozo huanzia kwa wazee wa ukoo au wasimamizi wa ndoa. Kwa mahari na mipaka ya shamba wanafaa sana. Lakini mume anayecheza kamari kwenye simu usiku kucha si kesi ya shamba, na shemeji ana upande wake. Tena mahali ambapo majirani wanachimba mawe ya sabuni kwenye shimo moja, siri haikai. Wengine watapumua zaidi wakienda Kisii mjini, ambako hakuna anayewajua. Muulizeni mshauri amesomea wapi na kama amesajiliwa, maana Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Muulizeni kama amewahi kushughulikia kamari, au ulevi, au kukosa mtoto, vyovyote lilivyo tatizo lenu. Anatoza kiasi gani? Atawaona pamoja au mmoja mmoja? Na je, mama asiyekizoea Kiswahili anaweza kusema naye kwa Ekegusii? Machungu hayatafsiriki vizuri.

Jambo moja tu halisubiri mshauri. Kama kuna kipigo nyumbani, nenda kwanza hospitali na polisi, na mahali pa usalama. Mke anayeogopa kurudi nyumbani baada ya kikao hawezi kusema kweli kikaoni, na anaweza kuadhibiwa kwa alichosema.

Kamili aliendelea na kazi yake wodini. Karata hakuzirudia, lakini mguu haukupona kwa zaidi ya miaka 40. Aliposhindwa kusimama alijikokota kutoka kitanda hadi kitanda kuwauliza wagonjwa wanahitaji nini, hadi alipofariki Roma tarehe 14 Julai 1614.