Mathews: Mpima ardhi aliyehifadhi imani za mapangoni

Robert Hamilton Mathews, mpima ardhi aliyefariki dunia huko Parramatta, magharibi mwa jiji la Sydney, mwaka 1918, ni miongoni mwa watu walioandika mengi zaidi kuhusu imani za wenyeji asilia wa Australia, zikiwemo zile zinazohusu mapango.

Imani za namna hiyo si ngeni kwa watu wa Afrika Mashariki. Huko Kolo, wilayani Kondoa nchini Tanzania, wenyeji wangali wakifanya matambiko ya kuomba mvua na kuponya wagonjwa kwenye mapango yenye michoro ya kale. Eneo hilo liliingizwa na Unesco katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Wamaya wa Mexico, Guatemala na Belize nao waliyahesabu mapango kuwa milango ya kuzimu na chimbuko la mvua, wakapeleka humo vyungu, ubani na sadaka nyingine.

Mtoto wa wahamiaji

Mathews alizaliwa tarehe 21 Mei mwaka 1841 huko Narellan, kusini magharibi mwa Sydney. Wazazi wake walikuwa wakulima waliohamia Australia kutoka Ireland.

Alifuzu upimaji wa ardhi mwaka 1870, na kazi hiyo ikamzungusha sehemu nyingi za jimbo la New South Wales. Ilikuwa kazi ya kuikata nchi vipande ili walowezi wapate hati za kumiliki ardhi, nao wenyeji walizidi kusukumwa pembeni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, akiwa umri wa takriban miaka 50, alipata habari za pango lililoko Milbrodale, karibu na mji wa Singleton, kaskazini mwa Sydney. Ukutani mwake umechorwa mtu mkubwa mwenye macho ya duara na mikono mirefu mno iliyonyooshwa huku na huku. Wenyeji wa leo wanamtambua kuwa ni Baiame, muumba wa nchi na mtoaji wa sheria.

Mathews alilipima pango hilo, akainakili michoro yake na kuisomea taarifa Jumuiya ya Kifalme ya New South Wales mwaka 1893. Mwaka uliofuata jumuiya hiyo ilimtunuku medali kwa insha yake kuhusu michoro ya miambani.

Nyoka wa majini na mwindaji

Tangu hapo hakupumzika. Katika miaka 25 iliyobakia ya uhai wake alichapisha kazi 171 kuhusu lugha, ndoa, ngano na sherehe za jando zijulikanazo kama Bora.

Kwa ajili ya historia ya Sydney, huenda iliyo na thamani kubwa zaidi ni ngano ya Wagundungurra, wenyeji wa bonde la Burragorang na milima ya Blue Mountains iliyo magharibi mwa jiji. Mathews aliichapisha mjini Berlin mwaka 1908.

Ngano hiyo yamhusu Gurangatch, kiumbe nusu samaki nusu mtambaazi, aliyeishi katika kilindi cha mto Wollondilly. Mwindaji aitwaye Mirragan alimwona na kutaka kumvua. Alipomshindwa kwa mkuki, alitia maji sumu ya magome ya mti.

Gurangatch akakimbia huku akiipasua ardhi, maji yakamfuata nyuma, na hivyo mabonde ya mito yakapatikana. Mahali alipochimba ili kujificha ndipo palipo na mapango ya Wombeyan na Jenolan. Hatimaye Mirragan aliwaita ndege wazamiaji, na mmoja wao akaibuka na kipande cha mnofu wa Gurangatch.

Kwa Wagundungurra, basi, pango halikuwa tundu tupu la mwamba. Lilikuwa alama ya kiumbe aliyeiumba nchi. Inasimuliwa kuwa wagonjwa walibebwa hadi kwenye maji yaliyomo ndani ya Jenolan ili waogeshwe, wapate kupona.

Wanasayansi nao walitangaza mwaka 2006 kwamba udongo uliomo katika mapango ya Jenolan una umri wa takriban miaka milioni 340.

Kupuuzwa

Nyumbani Mathews hakupata heshima aliyoitarajia. Wataalamu mashuhuri wa Australia wa wakati huo, Baldwin Spencer na Alfred Howitt, walimdharau na kuzipuuza kazi zake. Aliendelea kuandika, na makala zake nyingi zikatoka Paris, Berlin, Vienna na Philadelphia.

Alifariki tarehe 22 Mei mwaka 1918, siku moja baada ya kutimiza miaka 77.

Wako pia wanaomlaumu kwa kuweka hadharani mambo ya jando ambayo hayakustahili kuonwa na kila mtu. Hata hivyo, madaftari yake, yaliyohifadhiwa katika Maktaba ya Taifa mjini Canberra, yamekuwa msaada mkubwa kwa wazawa wanaotafuta maneno na ngano za wahenga wao.

Bonde lililozama

Haja hiyo ni kubwa zaidi kwa Wagundungurra. Mwaka 1960 lilikamilika bwawa la Warragamba, ambalo hutoa sehemu kubwa ya maji yanayotumiwa Sydney. Bonde la Burragorang liligeuka ziwa, na sehemu kubwa ya njia aliyopita Gurangatch ikafunikwa na maji.

Baadaye serikali ya jimbo ilipendekeza kuongeza kimo cha ukuta wa bwawa ili kuzuia mafuriko. Wagundungurra walipinga, wakisema maeneo yao matakatifu yaliyosalia yangezama wakati wa mvua kubwa. Mpango huo uliachwa mwaka 2023, baada ya serikali kubadilika.

Katika mabishano hayo, ngano iliyochapishwa Berlin mwaka 1908 ilikuwa miongoni mwa ushahidi wa kimaandishi kwamba bonde hilo lilikuwa na wenyewe, na kwamba kila kilindi chake kilikuwa na jina.