Denis Burkitt, daktari wa uvimbe wa taya

Mtoto akivimba taya, wazazi wengi hudhani ni jino. Leo tunamkumbuka daktari aliyeonyesha kwamba huenda ikawa saratani, tena saratani inayotibika.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa kupigwa jiwe, lakini akasoma hadi kuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alianza kazi Lira, kaskazini mwa Uganda, kisha akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Baadaye, huko Jinja, Burkitt alimkuta mtoto mwingine mwenye uvimbe kama huo. Kisu hakikufua dafu, watoto wakafariki. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Oktoba 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri wiki 10, takriban kilomita 16,000, wakipitia Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi. Kila hospitali walionyesha picha na kuuliza kama watoto wa namna hiyo wameonekana. Walibaini kuwa ugonjwa upo zaidi kwenye mabonde yenye joto na mvua, na ni nadra nyanda za juu zenye baridi. Kwa msikilizaji wetu wa Songwe, hiyo ni tofauti kama ile ya bonde la Ziwa Rukwa na vilima vya Vwawa na Tunduma. Sababu ilikuja kujulikana: malaria ya mara kwa mara, ikishirikiana na kirusi kilichogunduliwa mwaka 1964 na timu ya Anthony Epstein huko London.

Mulago haikuwa na mashine za mionzi, hivyo Burkitt alijaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu. Mojawapo ya dawa alizotumia ni vinkristini, inayotokana na ua dogo la pinki au jeupe lenye asili ya Madagaska, ambalo wengi wetu tunalipanda uani. Tahadhari: majani yake yakichemshwa na kunywewa ni sumu. Dawa huchujwa kiwandani na kupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Hata ikipimwa, vinkristini huzunguka mwili mzima na huweza kuumiza mishipa ya fahamu, mgonjwa akafa ganzi vidoleni. Hapo ndipo wanasayansi wa leo wanapoendeleza kazi. Wanaifunga dawa ndani ya vibebeo vidogo mno, vya nanomita 100 hivi, wakati unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 au zaidi. Baadhi hutengenezwa kwa zeini, protini ya mahindi, au kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa. Wakazi wa Tunduma wataelewa haraka: ni kama lori la mzigo wa Zambia lililofungwa lakiri bandarini Dar es Salaam, lisifunguliwe njiani hadi lifike. Vingi vya vibebeo hivyo bado viko maabara.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akafariki Uingereza mwaka 1993. Dawa za aina alizotumia bado ndizo msingi wa tiba ya ugonjwa huu, lakini uvimbe wake hukua haraka sana, ndani ya siku chache. Taya au tumbo la mtoto likivimba, tusisubiri jino ling'oke wala mitishamba ifanye kazi. Tumpeleke hospitali wiki hiyohiyo.