Rwagasore: Mwanamfalme aliyeuawa mezani kando ya ziwa

KILA Jumapili mchana, njia za kuelekea ziwani hapa Bujumbura hujaa watu. Vijana wa Ngagara hupanda basi, wengine hutembea kwa miguu, wote safari yao ni moja: ufukweni. Huko watakula mukeke wa kuchoma, watakunywa soda au bia, kisha watatazama jua likizama nyuma ya milima ya Kongo.

Ni wachache miongoni mwao wanaojua kwamba katika ufuo huo huo, usiku wa Ijumaa Oktoba 13, 1961, Waziri Mkuu wa nchi yao aliuawa kwa risasi akiwa mezani na wenzake. Mahali penyewe paliitwa Hoteli Tanganyika. Aliyeuawa ni Mwanamfalme Louis Rwagasore, akiwa na umri wa miaka 29 tu.

Mimi ni mwalimu niliyezaliwa na kusoma ukimbizini, katika makazi ya Katumba nchini Tanzania. Shuleni tulifundishwa habari za Nyerere, Nkrumah na Lumumba. Jina la Rwagasore nililisikia nyumbani, kutoka kwa baba, ambaye kila ilipofika Oktoba 13 alizima redio na kutusimulia.

Niliporudi nchini na kuanza kufundisha, siku moja niliwauliza wanafunzi wangu Rwagasore aliuawa wapi. Mmoja alijibu Gitega. Mwingine alisema Ubelgiji. Hakuna aliyetaja ziwa. Hiyo ndiyo sababu ya makala haya.

Rwagasore alizaliwa Januari 10, 1932, huko Gitega. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne na mama yake aliitwa Thérèse Kanyonga. Alisoma katika shule maarufu ya Astrida, mji ambao sasa ni Huye nchini Rwanda, kisha akapelekwa Antwerp, Ubelgiji, kwa masomo ya juu.

Aliporejea katikati ya miaka ya 1950, aliukuta mji wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, ukiwa umegawanyika. Ulikuwa makao makuu ya utawala wa Ubelgiji kwa Ruanda-Urundi yote. Wazungu walikuwa na mitaa yao, na Waafrika walikuwa na yao: Buyenzi, Belge ambayo leo ni Bwiza, na baadaye Ngagara yetu hii, iliyojengwa na shirika la nyumba la wakoloni lililoitwa OCAF. Mpaka leo wazee wanaiita Ngagara kwa jina hilo hilo.

Ziwa nalo lilikuwa na wenyewe. Mwafrika alifika ufuoni kuvua ndagala, kupakua mizigo bandarini au kuhudumia meza za wengine. Kukaa kwenye kiti, kuagiza samaki na kupunga upepo ilikuwa starehe ya Wazungu na wafanyabiashara wa kigeni. Hoteli za kando ya maji zilianza kama sehemu za kupumzikia za watu wachache, katika nchi ya watu wengi.

Mwanamfalme angeweza kuishi maisha hayo bila shida. Alikuwa mtoto wa Mwami na alikuwa amesoma Ulaya. Badala yake, mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, ili mkulima na mchuuzi Mwafrika asitegemee duka la mgeni kwa kila kitu. Ushirika huo ulipata matatizo ya fedha, na utawala wa kikoloni haukuupenda. Hata hivyo ulimfungulia njia ya kukutana na watu wa kawaida.

Miongoni mwa waliompokea kwanza ni Waswahili wa Buyenzi, wengi wao Waislamu na wafanyabiashara wadogo. Hawa ndio waliokuwa nguzo ya chama chake cha UPRONA mjini. Nje ya mipaka alijenga urafiki na Mwalimu Julius Nyerere na chama cha TANU. Kwa sisi tuliokulia Tanzania, jambo hilo lina uzito wa pekee.

Mwaka 1959 baba yake alimpa uchifu wa Butanyerera, upande wa Ngozi. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo. Yeye alikuwa wa ukoo wa kifalme na mkewe alikuwa Mhutu. Katika nchi ambayo baadaye ilimwaga damu nyingi kwa sababu ya ukabila, ndoa hiyo ilikuwa na maana kubwa, na inaendelea kuwa nayo.

Ubelgiji ilimwona kama hatari. Mwaka 1960 kulitolewa uamuzi wa kuwazuia ndugu wa karibu wa Mwami kushika nafasi za kisiasa. Yeye akabaki mshauri wa chama chake na kuendelea na kazi. Alihimiza wananchi wasusie maduka ya wakoloni na wasilipe kodi. Matokeo yake, kuanzia Oktoba hadi Desemba mwaka huo aliwekwa kizuizini, wakati uchaguzi wa serikali za mitaa ukifanyika bila yeye, na chama chake kikashindwa.

Mambo yaligeuka mwaka uliofuata. Septemba 18, 1961, katika uchaguzi wa Bunge uliosimamiwa na waangalizi wa Umoja wa Mataifa, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64. Mwisho wa mwezi huo Rwagasore akawa Waziri Mkuu.

Uongozi wake haukufika hata wiki tatu. Usiku ule wa Oktoba 13 alikuwa akila chakula cha jioni Hoteli Tanganyika. Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis, aliyekuwa amejificha gizani, akamfyatulia risasi. Nyuma yake walikuwepo wanasiasa wa chama pinzani cha PDC. Adhabu ya kifo ya Kageorgis ilitekelezwa Juni 30, 1962, siku moja kabla ya uhuru. Wengine watano walinyongwa Gitega Januari 15, 1963. Kuhusu mkono wa Wabelgiji katika mauaji hayo, mjadala haujaisha hadi leo.

Tukio hilo lina uchungu wa namna yake. Kiongozi wa Waafrika alikuwa amefika mezani, kando ya ziwa, mahali ambapo watu wake walizoea kufika wakibeba sinia. Alikaa kama mwenye nyumba. Hakuruhusiwa kumaliza chakula.

Baada ya uhuru, ufuo ulibadilika polepole. Kwanza maji yenyewe yalipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakafikia kilele mwaka 1964. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwafukuza wageni. Amani iliporudi, fukwe za upande wa Gatumba kama Saga Plage na Bora Bora zikawa mahali pa harusi, muziki na mapumziko ya familia. Cercle Nautique ikaendelea kuwavuta wanaopenda kuwatazama viboko.

Hata hivyo, ziwa lilikuja kudai chake. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka eneo la mita 150 kutoka ziwani lisijengwe, lakini wajenzi wengi walisogea karibu na maji. Maji yalipopanda tena mwaka 2021 na 2024, hoteli na nyumba nyingi za ufuoni zilifurika, na maelfu ya watu wa Gatumba walihama makazi yao.

Vilevile kuna ukuta mwingine usioonekana. Zamani mtu alizuiwa kwa rangi yake. Sasa anazuiwa na bei. Ziko sehemu ambazo soda moja inalingana na chakula cha siku nzima cha familia ya Buyenzi. Kijana anayesimama nje ya uzio akitazama meza zilizo karibu na maji ana swali ambalo Rwagasore alilifahamu vizuri: uhuru huu una viti vingapi, na vya nani?

Mwili wa Rwagasore umelazwa Vugizo, juu ya kilima kinachotazama mji na ziwa. Kila Oktoba 13 viongozi hupanda huko kuweka mashada. Ni jambo jema. Lakini mimi mwaka jana niliwachukua wanafunzi wangu kwa njia ya pili: tulianza Vugizo, tukateremka kwa miguu hadi ziwani, na tukasimama ufuoni kimya kwa dakika moja.

Kisha nilinunua mkate na soda, tukakaa mchangani tukala pamoja. Msichana mmoja aliuliza kama inafaa kula mahali ambapo mtu aliuawa akila. Nilimwambia inafaa, mradi tule tukijua ni nani aliyetangulia kukaa hapo.