Ibn al-Baytar, Mjuzi wa Maua na Mitishamba



Ndugu msomaji, kwenye kurasa kama hizi tumezoea kusoma habari za maimamu wa hadithi na fiqhi, au za mashujaa kina Salahuddin. Leo tumtazame mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutembea porini na kuinama. Aliinama kwenye ua, kwenye jani, kwenye mzizi, akauliza wenyeji wanauitaje mmea ule, akalinganisha na yaliyoandikwa na waliomtangulia, kisha akaandika. Huyo ndiye Ibn al-Baytar, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wanaosomea dawa chuoni wanamjua. Sisi wengine jina lake tunalipita tu.

Jina lake kamili ni Dhiyauddin Abu Muhammad Abdallah bin Ahmad al-Malaqi. Al-Malaqi ni mtu wa Malaga, mji wa bandari kusini mwa Andalusia, ambayo leo ni Uhispania. Baytar kwa Kiarabu ni mtu anayetibu farasi, punda na wanyama wengine, kwa hiyo jina tunalomjua nalo ni mtoto wa daktari wa mifugo tu. Si jina la kujivunia ukilinganisha na majina ya mawaziri na makadhi wa zama zake, lakini ndilo lililobaki. Alizaliwa karibu mwaka 1197 Miladia.

Alipokuwa kijana alisoma Ishbilia, mji ambao leo unaitwa Seville, kwa mwalimu aliyejulikana kama Abul Abbas an-Nabati, yaani Abul Abbas wa mimea. Sasa hapa kuna jambo la kupendeza. Mwalimu huyu alikuwa pia mtu wa hadithi. Aliwahi kusafiri hadi mashariki, akahiji, akakusanya hadithi kwa masheikh na mimea kwa mabonde, vyote katika safari moja! Mwalimu na mwanafunzi walikuwa wakitoka nje ya mji wa Ishbilia kuokota mimea. Aliyekaa madrasa anajua isnadi ni nini: nani kasema, kamsikia nani, alimuona kwa macho au kasikia tu. Mimi naona adabu hiyo ndiyo Ibn al-Baytar aliyoihamishia kwenye mimea, na ukisoma maisha yake unaiona kila mahali.

Kwa nini ilihitajika? Wakati ule kitabu kikuu cha dawa za mimea kilikuwa cha Dioscorides, Myunani wa karne ya kwanza Miladia. Kilifasiriwa kwa Kiarabu kule Baghdad katika karne ya 9, lakini mimea mingi wafasiri hawakuipatia jina la Kiarabu, wakaliacha la Kiyunani vile vile. Hebu fikiria wewe ni daktari wa Kurtuba. Kitabu kinakuambia umpe mgonjwa mzizi wa mmea fulani, jina lake hulielewi, na muuza dawa ana mizizi mitatu inayofanana. Ukikosea hapo mtu anakufa. Mwaka 951 alifika Kurtuba mtawa mmoja kutoka Konstantinopoli, jina lake Nikola, akakaa na matabibu wa pale, Waislamu na Mayahudi, wakawa wanayatafuta majina hayo moja baada ya jingine. Walipunguza shida ile, hawakuimaliza. Dawa yake ilikuwa moja tu: mtu afunge safari, auone mmea pale unapoota, na aulize watu wa pale.

Ibn al-Baytar akafunga safari. Karibu mwaka 1220 aliiacha Andalusia, na akapita pwani yote ya Afrika ya Kaskazini: Morocco, Bijaya iliyoko Algeria ya leo, Tunis, Tripoli, Barqa. Akaenda mpaka nchi za Rumi, upande wa Uturuki, akiwatafuta wenye ujuzi wa mimea na kuchukua walichonacho. Kila alipopita aliandika majina: la Kiarabu, la Kiyunani, la Kiberberi, na lile la watu wa kawaida wa Andalusia.

Katika yote aliyoyaokota njiani, mimi lililonishangaza zaidi ni la mmea unaoitwa aatrilal. Jina ni la Kiberberi, maana yake mguu wa ndege. Una maua meupe madogo madogo yaliyokusanyika kama mwavuli, jamii moja na karoti na bizari. Ibn al-Baytar anaeleza kwamba kabila moja la Waberberi upande wa Bijaya lilikuwa likitumia mbegu zake kutibu mabaka meupe ya ngozi, yale tunayoita mbalanga, na watu wakawa wanasafiri kuwaendea. Siri yenyewe waliifunga, baba akimwachia mtoto, mpaka ilipotoka nje. Mgonjwa alikuwa akinywa unga wa mbegu zile, kisha anakaa juani palipo wazi pale penye baka mpaka ngozi itoe malengelenge.

Kukaa juani? Mtu angeweza kucheka na kusema ni mambo ya waganga. Kumbe jua lenyewe ndilo nusu ya dawa. Katika miaka ya 1940 wanasayansi wa Misri waliichambua mbegu ya mmea huo, wakatoa kemikali inayoifanya ngozi iathiriwe sana na mwanga wa jua, na mwaka 1948 daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa mbalanga nayo. Katika miaka ya 1970 hospitali za Ulaya na Marekani zikaanza kutumia dawa ya jamii hiyo hiyo pamoja na taa maalum, kwa mbalanga na magonjwa mengine ya ngozi. Miaka mia saba na zaidi ilipita katikati. Tafadhali asitoke mtu hapa akaenda kujitibu nyumbani. Ukizidisha, ngozi inaungua vibaya, na hata hospitali wanaipima kwa hadhari kwa sababu inaweza kuleta saratani ya ngozi.

Turudi kwake. Alipofika Misri aliingia katika utumishi wa Sultani al-Kamil wa ukoo wa Ayyubi, mtoto wa ndugu yake Salahuddin, na Sultani akamfanya mkuu wa wajuzi wote wa mitishamba nchini. Utawala wa al-Kamil ulipofika Sham, na yeye akaenda Damascus. Cheo hakikumkalisha kitini, manake kutoka huko aliendelea kutembea Sham, Palestina na Bara Arabu.

Mwaka 633 Hijria, yaani karibu 1235, kijana mmoja daktari alimkuta Damascus. Ni Ibn Abi Usaybia, ambaye baadaye aliandika kitabu maarufu cha maisha ya matabibu. Alitoka naye nje ya mji mara nyingi kuangalia mimea pale ilipoota, na ametuachia picha ya matembezi yale. Wakifika kwenye mmea, Ibn al-Baytar anautaja kwa jina la Kiyunani, anaeleza Dioscorides kasema nini, kisha Galen kasema nini, kisha waliokuja baadaye, wapi wamekubaliana na wapi wamekosea. Wakirudi, kijana anafungua vitabu na kukuta ni hivyo hivyo, kwa sababu mzee alikuwa hataji dawa bila kutaja iko juzuu gani na ni ya ngapi katika juzuu hiyo. Si mchezo! Kijana yule amemsifu pia kwa tabia njema na ukarimu, na kuwatosheleza wanafunzi si jambo dogo.

Nikisoma habari hiyo mimi huwaza msitu wetu wa Chawia, kule juu ya Mwatate. Msitu huu hata hekta mia haufiki. Ni kipande kilichobaki cha ile misitu ya ukungu iliyokuwa imefunika vilima vya Taita, sehemu ya safu ya milima inayoendelea mpaka Usambara na kwingineko Tanzania, yenye mimea na ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Tuliwahi kupanda huko kundi la vijana, tukiongozwa na mzee mmoja wa hapo. Kila baada ya hatua kumi mzee anasimama: huu ni wa tumbo, huu ni wa kuogea mtoto, huu usiuguse. Majina yote kwa Kidawida. Mwenzetu wa Voi akapiga picha kwa simu, lakini jina hakuliandika, na jioni picha zile zilikuwa ni majani tu. Wazee wa namna hii wanaondoka mmoja mmoja, na wanachokijua hakijaandikwa chote.

Siku hiyo hiyo palikuwa na mgeni kutoka ng'ambo aliyetaka kutengeneza maji ya maua. Kazi hiyo aliianzisha daktari Mwingereza, Edward Bach (1886–1936), ambaye naye aliacha London akatembea mashambani kutafuta maua. Maua yanaelezwa juu ya bakuli la maji safi, yanawekwa juani kwa muda wa saa tatu, kisha maji yanachanganywa na brandi ili yasiharibike na kunywewa matone kwa ajili ya huzuni au woga. Kwa Muislamu brandi peke yake inatosha kumaliza mjadala. Lakini hata ukiiondoa, tafiti zilizolinganisha maji hayo na dawa ya bandia isiyo na kitu hazikuona tofauti. Jua la Waberberi wa Bijaya na jua la bakuli la Bach ni jua moja, ila mmoja aliona ngozi ikibadilika na mwingine alitegemea anachokihisi moyoni. Mzee wetu alimkatalia mgeni kuchuma, kwa upole, akasema ua likichumwa leo mbegu hakuna kesho.

Maji ya maua ambayo ulimwengu wa Ibn al-Baytar uliyajua vizuri ni marashi ya waridi, haya haya ya kwenye mrashi siku ya Iddi na kwenye harusi zetu. Mawaridi yanatiwa chunguni na maji, moto chini, mvuke unapanda na kupitia mrija uliopozwa, na kinachodondoka upande wa pili ndicho marashi. Mizza, kijiji kilicho nje kidogo ya Damascus, kilipata sifa kwa kazi hii. Mwandishi Shamsuddin ad-Dimashqi, aliyefariki mwaka 1327, ameeleza matanuri ya huko na jinsi marashi yake yalivyosafirishwa mpaka Hijazi, Yemen, Uhabeshi na India.

Baada ya al-Kamil kufariki mwaka 1238, Ibn al-Baytar alimtumikia mwanawe, as-Salih Ayyub, na ndiye aliyemtungia kitabu chake kikubwa, al-Jami, yaani mkusanyiko wa dawa na vyakula. Kina vitu zaidi ya 1,400, vimepangwa kwa alfabeti, na waandishi kama 150 wametajwa humo. Wako wanaosema leo kwamba sehemu kubwa ni maneno ya watu, hasa ya al-Ghafiqi wa Andalusia, na ni kweli. Lakini kila neno la mtu amelirudisha kwa mwenyewe, na lake yeye ameliwekea alama, neno dogo la Kiarabu lenye maana ya kwangu, ili msomaji asichanganye. Na pale aliyemtangulia alipokosea, anasema amekosea, hata akiwa Dioscorides au Ibn Sina. Kitabu hiki kilifasiriwa kwa Kijerumani mwaka 1840 hadi 1842, kikachapishwa kwa Kiarabu Bulaq, Cairo, mwaka 1874, kisha Leclerc akakitia Kifaransa kwa majuzuu matatu kati ya 1877 na 1883.

Alifariki Damascus, ghafla, katika mwezi wa Shaaban mwaka 646 Hijria. Kwa hesabu ya Miladia ni Novemba au Disemba 1248. Mwezi ule ule wa Shaaban, tarehe 23 Novemba, mji wa Ishbilia ulisalimu amri kwa Mfalme Ferdinand III baada ya kuzingirwa zaidi ya mwaka, na Waislamu wakaambiwa wauhame. Mabonde aliyoanzia kuokota maua pamoja na mwalimu wake yakawa ya wengine, na majina ya mimea yake, jinsi watu wa pale walivyoyatamka, yamo ndani ya al-Jami.