Marekani: Ben Hogan, mchezaji wa golfu aliyegongwa na basi akarudi kushinda

Tarehe 2 mwezi wa pili 1949, katika ukungu karibu na Van Horn, jimbo la Texas, basi liligongana uso kwa uso na gari la Ben Hogan. Alijirusha mbele ya bibi yake, Valerie, ili amkinge. Bibi aliponea, lakini yeye alivunjika nyonga, mfupa wa bega, kifundo cha mguu na ubavu. Kisha damu ikaganda ndani ya mishipa, waganga wakaogopa kwamba hatatembea tena.

Shida alizijua tangu utoto: baba yake alijiua mwaka 1922, na akiwa na miaka 11 alibeba mifuko ya wachezaji ili apate pesa.

Mwezi wa sita 1950, miezi 16 tu baada ya ajali, alikuwa Merion, Pennsylvania, kushindania US Open. Wengine huona golfu ni mchezo wa kutembea polepole. Lakini siku ya posho ilibidi kumaliza mashimo 36, naye miguu imefungwa bandeji. Shimo la mwisho alihitaji mapigo manne asipitwe. Akayapata. Wakalingana watatu.

Kesho yake, mashimo 18 mengine: Hogan mapigo 69, Lloyd Mangrum 73, George Fazio 75. Mwenye machache ndiye mshindi.

Mwaka 1953 alishinda Masters, US Open na British Open. Alifariki mwezi wa saba 1997, akiwa na miaka 84.