Robert Angus Smith, Mpimaji wa Mvua

Anayetengeneza magari anaijua asidi ya betri. Tone moja likianguka juu ya suruali, baada ya siku chache utakuta tundu. Mimi niliharibu suruali yangu nzuri namna hiyo, kwa kusaidia kubeba betri niliyodhani ni kavu.

Asidi hiyo ni asidi ya salfa. Salfa yenyewe ni ule unga wa njano ambao wakulima wa Mtwara na Lindi hupulizia mikorosho. Ikichomwa hutoa moshi unaokaba koo. Kiwandani moshi huo huchanganywa na hewa na maji kwa njia maalumu, ikapatikana asidi.

Asidi hii ina kazi nyingi, na iliyo kubwa kuliko zote ni kutengeneza mbolea. Mifupa na mawe ya fosfati hayayeyuki upesi udongoni, kwa hiyo mimea haipati chakula kilichomo. Mwaka 1842 Mwingereza mmoja, John Bennet Lawes, aliandikisha njia ya kuyalainisha kwa asidi ya salfa. Mbolea iliyopatikana huitwa superfosfeti. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza kazi mwaka 1972 na kufungwa miaka ya 1990 ilipoanza, nacho kilitumia asidi hiyo.

Mbolea ilileta mavuno. Lakini watu waliokaa jirani na viwanda vya asidi walivuta hewa gani? Robert Angus Smith alitumia maisha yake kulijibu swali hilo.

Smith alizaliwa mwaka 1817 karibu na mji wa Glasgow, katika nchi ya Scotland. Wazazi wake walitaka awe mchungaji wa kanisa. Alisoma kwa ajili hiyo, lakini hakuwa mchungaji. Alifundisha watoto katika nyumba za watu, kisha akaenda Ujerumani kusoma kemia, yaani elimu ya vitu na jinsi vinavyochanganyika. Mwalimu wake huko alikuwa Justus von Liebig, bingwa mkubwa wa elimu ya mbolea wakati huo. Smith alipata shahada mwaka 1841, na baada ya miaka miwili akahamia Manchester, Uingereza.

Manchester ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Mabomba ya moshi yalikuwa mengi kama minazi ya pwani. Smith alianza kukinga maji ya mvua na kuyapima. Alipima mvua ya mashambani, ya pembeni mwa mji, na ya katikati ya mji. Aliona kwamba kadiri alivyokaribia mji, ndivyo asidi ilivyoongezeka. Ilikuwa asidi ya salfa! Makaa ya mawe yana salfa ndani yake. Yakichomwa, salfa hupanda na moshi, kisha asidi hurudi chini na mvua. Mwaka 1852 alitangaza habari hizo. Alieleza kwamba asidi hiyo hufifisha rangi za nguo na kula vyuma. Baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1872, aliipa jina la mvua ya asidi, na jina hilo linatumika duniani hadi leo.

Sasa tuingie viwandani. Waingereza walihitaji magadi mengi kwa ajili ya sabuni na vioo. Hawakuwa na ziwa la magadi kama Natron. Waliyatengeneza kwa chumvi, na hatua ya kwanza ilikuwa kuimwagia chumvi asidi ya salfa. Hapo ilitoka gesi kali ya asidi ya chumvi. Wenye viwanda waliiachia ipande angani. Gesi hiyo ni nzito, haipandi mbali. Ilishuka mashambani, miti ikakauka, majani ya mifugo yakaungua. Makufuli yalishika kutu. Wafanyakazi waliooza meno kwa asidi hiyo walikuwa wengi.

Na dawa ilikuwa inajulikana. Mwaka 1836 William Gossage alichukua kinu cha upepo kilichoachwa, akakijaza vijiti, akamwaga maji kutoka juu na kupitisha gesi kutoka chini. Maji yaliimeza gesi. Lakini kujenga mnara ni gharama, na moshi ukiondoka na upepo anayeumia ni jirani. Basi miaka 27 ikapita. Sheria ilikuja mwaka 1863, na iliharakishwa na malalamiko ya mabwana wenye mashamba makubwa. Maskini walikuwa wamekohoa siku zote bila kusikilizwa.

Sheria ile ilisema: katika kila sehemu 100 za gesi ya asidi ya chumvi, 95 zinaswe. Smith aliwekwa kuwa mkaguzi wa kwanza, akapewa wasaidizi wanne. Sasa alikuwa na shida. Akiwa mkali mno, kiwanda kitafungwa na wafanyakazi watakosa mkate. Akiwa mpole mno, moshi utaendelea. Smith alichagua kufundisha kwanza. Aliingia kiwandani na chupa zake, akapima, akamwonyesha mwenye kiwanda pale gesi inapovuja. Ni mara chache aliwapeleka mahakamani. Katika mwaka wa kwanza tu, viwanda kwa wastani vilinasa zaidi ya sehemu 98.

Hata hivyo watu walimlaumu. Walisema yeye ni rafiki wa matajiri. Mimi naona lawama hiyo haikukosa msingi kabisa, lakini kosa kubwa lilikuwa katika sheria yenyewe. Tupige hesabu. Kiwanda kimoja kikitengeneza debe 100 za gesi, debe 5 ziliruhusiwa kutoka. Vikiwa viwanda kumi, ni debe 50. Kila kiwanda kimetii sheria, na miti bado inakufa. Zaidi ya hayo, sheria iligusa gesi moja tu. Viwanda vya asidi ya salfa havikuguswa. Viwanda vya mbolea navyo havikuguswa, ingawa mawe ya fosfati yakikutana na asidi hutoa gesi yenye florini inayochoma macho, na mifupa hutoa harufu mbaya.

Smith aliyaandika haya katika taarifa zake za kila mwaka kwa serikali. Hakuchoka. Mwaka 1874 sheria ilirekebishwa. Sasa moshi wenyewe ukawekewa kipimo cha asidi kisichozidishwa, na wenye viwanda vya magadi wakatakiwa kutumia njia bora inayowezekana kuzuia gesi nyingine mbaya pia. Mwaka 1876 serikali iliunda tume ya kuchunguza moshi wa viwanda. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1878.

Mwaka 1881 ilitungwa sheria mpya. Humo viliandikwa wazi viwanda vya asidi ya salfa na viwanda vya mbolea. Smith alikuwa na miaka 64, na alikuwa amekagua kwa miaka 17. Akawa mkaguzi mkuu. Wasaidizi wake waliruhusiwa kuingia mahali mbolea inapochanganywa, kupima moshi, na kudai gesi ipitishwe kwenye maji kabla haijatoka nje.

Aliifanya kazi hiyo mpya kwa muda mfupi tu. Afya yake ilikuwa imedhoofika. Alikufa mwezi Mei mwaka 1884 huko Colwyn Bay, mji wa pwani katika nchi ya Wales. Hakuwahi kuoa. Wakaguzi aliowafundisha waliendelea kuzunguka na chupa zao.