Maisha ya Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji

Katika wilaya yetu ya Hanang ukilitaja neno tingatinga mbele ya mtu mzima, hatafikiri picha hata kidogo. Atafikiri mashine. Babu yangu, ambaye ni Mbarbaigi wa upande wa Basotu, alinisikia likizo iliyopita nikisoma jina hilo kwa sauti. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza nina shughuli gani na matrekta. Sikumlaumu. Katika miaka ya 1970 Shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano ambayo mwishowe yalimeza ekari zipatazo 100,000 za malisho bora ya Wabarbaigi, na hata makaburi ya wazee yakapitiwa na majembe ya mashine. Basi ikanibidi nimweleze kwamba Tingatinga wangu ni mtu, na kazi yake ilikuwa brashi. Habari za mtu huyo ndizo ninazowaletea hapa, maana tangu mwaka huu uanze zimekuwa zikininyima usingizi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka wa 1932 katika kijiji cha Namochelia, Wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa nchi yetu. Wazee wake walikuwa wakulima. Siku zile za ukoloni kijana wa kusini aliyetaka fedha ya kodi na ya nguo hakuipata karibu na nyumbani. Fedha ilikuwa kwenye mkonge wa Tanga, naye akafunga safari kama wenzake wengi akaenda huko. Kwa sisi wa nyanda za juu ambao mkonge twauona kwenye ua tu, nieleze kidogo: jani lina mwiba nchani, hukatwa kwa mkono, hufungwa matita, kisha hupelekwa kwenye mashine iitwayo korona ikatoa nyuzi, na nyuzi zikapakiwa melini zikawe kamba katika viwanda vya mbali. Nasema haya kwa sababu yafaa tukumbuke kwamba mchoraji huyu alianza maisha yake ya kazi mkiani mwa viwanda vya dunia, akiwa mtu wa mikono.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 akahamia Dar es Salaam. Huko akawa mtumishi katika nyumba ya Mwingereza. Uhuru ulipokuja na Waingereza wengi wakaenda zao, akabaki akitafuta vibarua hivi na hivi ili apate kula. Jioni alikuwa mpiga ngoma na mchezaji, na waliomfahamu walimjua kwa hilo kabla hawajamjua kwa picha. Hakupata kusoma chuo chochote cha uchoraji.

Mwaka wa 1968, akiwa na umri wa miaka 36, alianza kuchora. Hapa nawaombeni tusimame kidogo, kwa maana jambo lote liko katika vitu alivyovichukua mkononi. Turubai la wachoraji lilikuwa ghali, na rangi zao zilikuwa ghali zaidi. Yeye akachukua hadibodi, ubao ule laini wa kiwandani ambao mafundi hupigilia kuwa dari, akaukata vipande vya mraba vya futi mbili kila upande. Rangi akanunua ile ya mafuta, iliyotengenezwa kwa kupaka baiskeli. Jirani zetu wa kale waliochora katika miamba ya Kolo, Kondoa, walitumia udongo mwekundu wa nchi yao. Tingatinga alitumia udongo wa zama zake, yaani vitu vya dukani.

Rangi hiyo ina tabia zake, nami nimezijua kwa hasara. Muhula uliopita mafundi walibadilisha dari ya bweni letu, nikaomba kipande kilichobaki pamoja na masalio ya rangi makoponi. Nilitaka kuchora Mlima Hanang wakati wa machweo, rangi zikiingiana polepole. Matokeo yake yalikuwa tope. Rangi ya mafuta ya aina hii haikubali kubembelezwa: ukiigusa kabla haijakauka inavurugika, ukingoja ikakauka inang'aa na kuwa ngumu kama sahani. Kwa hiyo yakupasa upake kwanza uwanja wote rangi moja, usubiri, kisha uweke mnyama wako mzimamzima juu yake, usubiri tena, ndipo utie madoa na mistari. Tazameni sasa picha ya Tingatinga yoyote: uwanja wa rangi moja, chui au kiboko au ndege amejaa ubao mzima, madoa yake yamepangwa moja moja, hakuna kivuli. Watu wengi hudhani alichora hivyo kwa kuwa hakujua zaidi. Mimi niliyeharibu ubao wangu nasema aliielewa rangi yake kuliko wanaomcheka.

Wataalamu hubishana aliutoa wapi mtindo huo. Wengine husema aliwaona Wakongo waliokuwa wakiuza picha barabarani Dar es Salaam, wengine husema aliukumbuka mchoro wa kuta za nyumba za kwao kusini. Sioni kwa nini yasiwe yote mawili.

Jambo kama hili liliwatokea Wazungu pia. Mwaka wa 1841 Mmarekani John Goffe Rand aliyekuwa London alibuni kijaluba laini cha bati cha kutilia rangi ya kuchorea, kama kile cha dawa ya meno. Kabla ya hapo mchoraji alisaga rangi yake chumbani. Baadaye akaweza kuitia mfukoni, akapanda treni na kwenda kuchora mtoni. Ndivyo Claude Monet na wenzake walivyofanya huko Ufaransa, na maonyesho yao ya kwanza ya mwaka wa 1874 yalichekwa na wengi. Wao walipewa na kiwanda kitu kilichotengenezwa kwa ajili yao. Tingatinga alichukua kilichotengenezwa kwa ajili ya baiskeli.

Picha zake ziliuzwa Oysterbay, penye maduka yaitwayo Morogoro Stores, mahali palipopitwa na wageni wengi. Mkewe, Agatha Mataka, alisaidia kuziuza. Walipoanza kununua, yeye hakuficha ujuzi. Aliwaita ndugu na jamaa akawafundisha, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda, Kaspar Tedo, Ajaba Abdallah na Adeusi Mandu, wakawa wanakaa pamoja wakichora. Kisha, mwaka wa 1972, askari polisi walimdhania kuwa mhalifu anayekimbia, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa na miaka 40 tu, na katika hiyo ni minne aliyoishi na brashi.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Mwaka wa 1977 walifanya kikundi chao, na mwaka wa 1990 kikawa chama cha ushirika. Jina la mtu mmoja likawa jina la uchoraji mzima, hata huko Ulaya na Japani.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Niko kidato cha nne, na baba ameniuliza mara mbili nitasoma nini baada ya mtihani wa Novemba. Yeye apenda niwe bwana shamba. Uchoraji anauona ni kazi ya walioshindwa na vitabu, na nilipomsimulia maisha ya Tingatinga ili nimshinde kwa hoja, yeye ndiye aliyenishinda, akaniuliza mjane alibaki na nini. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nimejaza fomu yangu kwa penseli.

Lakini babu, baada ya kuelewa kwamba Tingatinga hakulima malisho yake, aliniomba nimchoree dume lake mmoja aliyekufa wakati wa ukame. Nilipaka uwanja wa manjano, nikasubiri siku mbili, nikamweka dume mwekundu amejaa ubao wote. Babu alikaa mbele yake muda mrefu. Halafu akasema pembe ya kushoto siyo, ile iliinama mbele zaidi, nami nikarudi kwenye kopo.